Baba Mwizi, Mwana Shahidi

Mwaka 399 KK, mbele ya baraza la hakimu wa kesi za dini mjini Athens, Socrates alikutana na Euthyphro. Mzee Socrates alikuwa ameitwa kujibu shtaka la kuikosea miungu. Mwenzake alikuja kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kibarua wao kisiwani Naxos alilewa akamuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga mikono na miguu, akamtupa shimoni, kisha akatuma mtu Athens kuwauliza wajuzi wa dini afanyweje. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alikwisha kufa kwa njaa na baridi.

Takriban karne moja mapema, huko Uchina, mtawala wa She alimsimulia Confucius kwa fahari habari za raia wake mmoja, mnyofu kiasi cha kutoa ushahidi dhidi ya baba yake aliyeiba kondoo. Confucius hakuvutiwa. Kwao, alisema, baba humsitiri mwana na mwana humsitiri baba, na unyofu umo humo.

Wapo wanaosema Wagiriki walifikiri na Wachina wakatii tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Socrates naye alishtuka kusikia mtu anamshtaki babaye, ila mshtuko huo ukazaa swali: kumcha Mungu ni nini hasa? Euthyphro akamjibu kwa mfano: ni kumshtaki mkosaji, awe nani awaye. Mfano haukumtosha Socrates. Alitaka kile kinacholifanya kila tendo la ucha Mungu kuwa hivyo, akauliza kama jambo hupendwa na miungu kwa kuwa ni jema, au huwa jema kwa kuwa linapendwa. Walizunguka hadi Euthyphro akasema ana haraka, akaenda zake.

Confucius alianzia kwa mtu aliye mbele yake. Mwanafunzi wake Zilu alimuuliza: nikisikia jambo jema, nilitende papo hapo? Akaambiwa asubiri, angali na baba na kaka wa kuwauliza. Ran You akauliza lile lile, akaambiwa atende mara moja. Mwanafunzi wa tatu alipotaka kujua kulikoni, mwalimu alieleza kwamba Ran You ni mzito, ndiyo maana alimsukuma; Zilu ana pupa, ndiyo maana alimzuia. Hiyo ni hoja kamili, yenye sababu zake. Hata kwa wazazi, Confucius alitaka mwana awaonye kwa upole wanapokosea.

Jibu lake kuhusu kondoo liliingia katika sheria: mwaka 66 KK mfalme Xuan wa ukoo wa Han aliruhusu jamaa wa karibu kusitiriana, na tangu marekebisho ya 2012 mahakama za Uchina haziwezi kumlazimisha mke, mume, mzazi au mtoto wa mshtakiwa kufika kutoa ushahidi. Naiona busara yake, kwani dola inayomgeuza mtoto kuwa mpelelezi wa nyumbani kwao huvunja kitu isichoweza kukijenga upya.

Lakini mwenye kondoo asemewe na nani? Swali hilo liliihusu Athens pia, kwani haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Kwa kawaida kesi ya mauaji ilifunguliwa na ndugu wa marehemu. Euthyphro, pamoja na majivuno yake yote, alishikilia kwamba damu ya mgeni ina uzito sawa na ya jamaa. Asingekwenda yeye barazani, kifo cha kibarua yule kingeishia shimoni Naxos.