Matembezi na shughuli za kiangazi Lubumbashi

Matembezi ya kiangazi ni desturi ya wakazi wa Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga, ya kutoka majumbani kwenda bustanini, mtoni, shambani na porini tangu mvua zinapokatika mwezi wa Aprili hadi zinaporudi Oktoba au Novemba. Makala hii inaanzia komini ya Lubumbashi, ambayo ndiyo kitovu cha mji na yenye miti mingi ya barabarani, kisha inafuata njia zinazotoka mjini kuelekea Kipushi, Likasi, Kasenga na Kasumbalesa, kwa sababu majira ya mji huu hayaeleweki bila pori linaloulisha.

Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, karibu na nyuzi 11 na nusu, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Urefu huo ndio unaoifanya hewa yake kuwa ya namna yake. Mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi, na kwa mwaka mzima hufikia milimita 1,200 hivi. Baadaye huja miezi mitano ambayo wingu la mvua halionekani kabisa. Juni na Julai ni baridi: usiku kipimo hushuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi, na asubuhi watu huota moto wa makaa kwenye mbabula kabla ya kwenda kazini. Agosti joto huanza kupanda, na Oktoba ndiyo mwezi mkali kuliko yote. Kwa hiyo kiangazi cha huku ni majira mawili yanayofuatana, la baridi na la joto, na kila moja lina kazi zake na starehe zake.

Ulaya na Amerika ya Kaskazini, Septemba na Oktoba ni miezi ya kwenda kutazama misitu ikigeuka rangi kabla ya majani kupukutika. Katanga ya juu nayo huwa na misitu myekundu miezi hiyohiyo, ila wekundu wake ni wa majani yanayozaliwa. Pori la miombo linaloizunguka Lubumbashi, lenye miti kama muputu na mutondo, hupoteza majani katikati ya kiangazi, kisha huchipua wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, likitumia maji yaliyohifadhiwa chini kabisa kwenye mizizi. Majani machanga hutoka yakiwa ya rangi ya shaba, ya divai, ya waridi, na mengine mekundu kabisa; baada ya siku chache hugeuka kijani kibichi. Mtu anayepita barabara ya Likasi katikati ya Septemba huona mlima mmoja ukiwa na rangi nne au tano, na ardhi yote chini yake imekauka, nyeusi kwa moto uliopita. Ni mojawapo ya mandhari bora za Afrika ya kati, na inasikitisha kwamba vitabu vya shule vya mjini bado huwachorea watoto msimu wa majani ya Ulaya kabla ya kuwaonyesha ule ulio nusu saa kutoka mlangoni kwao.

Katika komini yenyewe, rangi ya majira hayo ni ya zambarau. Jakaranda, mti uliotoka Amerika ya Kusini, ulipandwa kando ya barabara za Élisabethville, jina la mji huu tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 hadi ulipobadilishwa mwaka 1966. Barabara pana zilizonyooka na kukatana kama mistari ya daftari zilipimwa enzi za Émile Wangermée, mkuu wa kwanza wa utawala wa Kibelgiji katika Katanga. Miti hiyo na vivuli vyake vilikusudiwa Wazungu. Waafrika waliishi ng'ambo ya ukanda mtupu uliotengwa makusudi, katika mtaa ambao leo ni Kamalondo, na baadaye Kenya na Katuba, na kutembea katikati ya mji baada ya saa za kazi kulikuwa na masharti yake. Anayepita leo Jumapili jioni chini ya jakaranda zilizochanua, na watoto wakiokota maua mabichi na kuyapasua kwa vidole ili yalie, anapita mahali ambapo babu yake hakuruhusiwa kupunga upepo. Jambo hilo linastahili kutajwa kila mara uzuri wa miti hii unaposifiwa.

Sehemu zinazopendwa zaidi mjini ni bustani ya wanyama, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi na bwawa la mto Lubumbashi ambalo wenyeji huliita Ziwa Tshombe. Wanafunzi huzijaza katika likizo kubwa ya Julai na Agosti. Jumamosi ni zamu ya arusi: kwa kuwa hakuna hofu ya mvua, familia nyingi hupanga ndoa zao kiangazi, na misafara ya magari yenye riboni hupiga honi hadi penye maji na maua ili maharusi wapigwe picha. Jioni hukaliwa kwenye michopo, nyama ya mbuzi inayochomwa na kukatwakatwa mbele ya mteja, ikiliwa kwa pilipili na bukari (ugali), pamoja na bia ya Simba au munkoyo. Huu wa mwisho ni uji mwepesi wa mahindi uliotiwa mizizi ya mmea wa porini iliyopondwa. Mizizi hiyo hulainisha wanga na kuutia utamu, na baada ya siku moja au mbili kinywaji huanza kuchachuka. Mama anayejua kazi yake huutoa kabla haujakuwa mkali.

Siku moja ya kiangazi ina uzito kuliko nyingine zote. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi kote nchini, walio hai na waliofariki. Asubuhi watu huenda makaburini na majembe, mifagio, ndoo za maji na chokaa. Nyasi zilizoota kwa mvua zimekwisha kukauka na kusimama hadi kifuani, hivyo kazi ya kwanza ni kufyeka ili kaburi la nkambo (babu au bibi) lionekane. Kisha husafishwa, hupakwa chokaa, na maua huwekwa. Vumbi la siku hiyo hujulikana, jekundu, linaloingia hadi kwenye kope. Mchana familia hurudi nyumbani kula pamoja, na watoto huwapa baba na mama zawadi. Ni safari ya kwenda nje ya nyumba inayounganisha matajiri wa katikati ya mji na watu wa Katuba au Ruashi, kwa kuwa hakuna asiye na mtu wake udongoni.

Kazi za mashambani zina mpangilio wake. Mahindi yaliyopandwa Novemba na Desemba huvunwa Aprili na Mei, na wakazi wengi wa mjini, hata wafanyakazi wa ofisi, wana shamba kando ya barabara mojawapo. Baada ya mavuno huanza bustani za mabondeni, kando ya mito Lubumbashi na Kafubu, ambako kabichi, nyanya, vitunguu na lengalenga humwagiliwa kwa mkono asubuhi na jioni. Kiangazi pia ni wakati wa kufyatua matofali. Udongo bora hutoka kwenye vichuguu vikubwa vya mchwa, fahari ya pekee ya nchi hii: mchwa wa aina ya Macrotermes falciger hujenga vilima vinavyoweza kufikia mita 8, vyenye miti yake vyenyewe juu, na hekta moja inaweza kuwa na vitatu hadi vitano. Katikati ya mji bado vipo vichache ndani ya viwanja vya zamani, na nyumba zimejengwa kuvizunguka.

Zamani kiangazi kilikuwa pia majira ya shaba. Kabla ya ukoloni, mafundi wa Katanga, miongoni mwao Wayeke na Wasanga, walikwenda machimboni baada ya kuvuna mtama, wakakusanya madini ya kijani, wakayayeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu kwa makaa na mivuo, na kumwaga shaba katika kalibu za misalaba midogo iliyotumika kama mali na fedha. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926 akiwaita wala shaba. Mvua ilipokaribia, kazi ilikoma na watu wakarudi kulima. Mwaka 1911 tanuru ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilitoa shaba yake ya kwanza mjini, na tangu hapo uyeyushaji haukungoja majira tena.

Vilima vya shaba hubaki kuwa mahali pa safari ya pekee kwa anayependa mimea. Udongo wake una shaba nyingi mno, miti ya miombo haioti, na badala yake kuna nyasi na maua madogo yaliyozoea sumu hiyo. Linalojulikana zaidi ni ua la shaba, Haumaniastrum katangense, la zambarau, linaloonekana mvua zinapoisha; limewaongoza wataalamu wa mambo ya kale hadi kwenye tanuru zilizosahauliwa, kwa sababu hupenda kuota palipoyeyushwa madini. Baadhi ya mimea ya vilima hivyo haipatikani popote pengine duniani, na migodi inapokata kilima, hukata pia makao yake yote. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefanya kazi ya kuichunguza na kuihamishia pengine pamoja na watafiti wa Gembloux, Ubelgiji.

Moto ni shughuli ya majira ambayo lazima ielezwe kwa uangalifu. Wawindaji, wafugaji na wakulima huchoma nyasi kila mwaka. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini na kuiacha miti. Moto wa Septemba na Oktoba huunguza machipukizi yaleyale mekundu na kuua miche. Majaribio ya muda mrefu yaliyoanzishwa miaka ya 1930 huko Ndola, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, yalionyesha wazi: mahali palipochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka, msitu uligeuka kuwa nyasi, palipochomwa mapema, miti ilidumu. Anayewasha moto Oktoba kwa ajili ya panya wawili anaharibu chakula cha kijiji kizima, na ni afadhali aambiwe hivyo waziwazi.

Chakula hicho ni kingi. Mtaalamu wa mimea François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi na kuchunguza kwa miaka mingi pori la Luiswishi karibu na mji, alikusanya elimu ya wenyeji kuhusu vyakula vya miombo katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 1997. Katika soko la mtaa wa Kenya elimu hiyo iko juu ya meza. Vinkubala, viwavi vya miti ya miombo, huokotwa wakati wa mvua. Hukamuliwa matumbo, huchemshwa kwa chumvi na kuanikwa hadi vigongane kama kokoto, hivyo huuzwa kwa kopo kiangazi chote. Kikanda hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi vilivyosagwa na kuchanganywa na karanga na pilipili. Kisha, joto likifika kileleni, huja masuku, matunda ya kahawia yenye nyama tamu, na mpundu, na asali mpya.

Uhusiano huu wa soko na pori unazidi kurefuka. Umeme hautoshi, na nyumba nyingi hupika kwa makaa. Kila alfajiri ya kiangazi baiskeli huingia kutoka barabara za Kasenga na Kipushi zikiwa na magunia matatu au manne, yaliyofungwa kwa kamba za magome, juu yake nyasi za kuziba mdomo. Mwenye baiskeli hapandi, husukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mti uliochomekwa nyuma ya kiti. Kila mwaka anatoka mbali zaidi, kwa sababu miti ya karibu imekwisha. Ndiyo maana familia zinazotaka kuona miombo mirefu leo hulazimika kwenda kwenye hifadhi za watu binafsi nje ya mji, mahali ambapo kiingilio hulipwa kwa kile ambacho kizazi kilichopita kilikiona bure.

Safari ndefu kuliko zote ni ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambako maporomoko ya Lofoi huanguka kwa zaidi ya mita 300 kutoka ukingo wa uwanda. Mwanzoni mwa kiangazi maji bado ni mengi na barabara imeanza kukauka. Ikifika Oktoba barabara ni nzuri lakini maji yamebaki uzi mwembamba, kwa hiyo Juni ndio mwezi wa kushauriwa.

Mvua za kwanza zikishuka, kumbikumbi huruka kutoka vichuguuni na kuzizonga taa za mjini, watoto wakiwakusanya kwenye beseni za maji. Wiki zinazofuata akina mama hujipanga kando ya barabara ya Likasi wakiwa wameinua uyoga wa Termitomyces titanicus, ambao wanasayansi waliutambua rasmi mwaka 1980 na ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Magari husimama, uyoga mmoja hununuliwa na kuwatosha watu wa nyumba nzima. Mashamba hulimwa, matofali yasiyochomwa huezekwa kwa nyasi, na njia za udongo za kwenda Kundelungu huwa hazipitiki tena hadi Mei.