Divai: mwonjaji anaamua namna gani, na juu ya nini chupa inafichwa

Ulaya na Marekani kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuonja divai na kuandika maoni yao katika magazeti. Neno lao linaweza kupandisha ao kushusha bei ya chupa, na mkulima wa mizabibu anaweza kupata ao kupoteza mwaka mzima juu ya alama zao.

Anaonja namna gani?

Kwanza macho: anainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe ili aone rangi. Kisha pua: anazungusha divai ndani ya glasi, halafu ananusa. Harufu ya katoni iliyolowana inamuonyesha kama kizibo kimeharibu divai. Mwisho kinywa: anaangalia uchachu, utamu, nguvu ya pombe, na ule ukakasi unaobana ulimi sawa vile chai nzito. Hamezi; anatema ndani ya chombo. Kwa siku moja anaweza kuonja divai makumi, na akimeza zote hatajua tena anachoandika.

Alama zilitoka wapi?

Mmarekani Robert Parker, aliyekuwa mwanasheria, alianzisha jarida lake la divai mwaka wa 1978. Alizoesha wanunuzi kusoma alama kutoka 50 hadi 100. Ilisaidia mtu asiyejua divai kuchagua haraka. Lakini watu wengi walilalamika kwamba watengenezaji fulani walianza kutafuta ladha anayoipenda yeye, na kuacha ile ya udongo wao.

Siku ambayo Wafaransa walishangaa

Tarehe 24 mwezi wa tano 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyeuza divai mjini Paris, alialika Wafaransa 9 wenye kujua divai sana. Waliletewa divai nyeupe 10 na nyekundu 10. Katika kila kundi 6 zilitoka California, 4 Ufaransa. Majina yalifichwa. Wakati huo wengi waliamini hakuna inchi inayoweza kushinda Ufaransa. Kumbe matokeo yalikuwa mengine: Chateau Montelena ilikuwa ya kwanza kwa nyeupe, Stag's Leap Wine Cellars kwa nyekundu, zote za California, za mwaka wa 1973. Mwandishi mmoja tu wa habari alikuwa pale, George Taber wa gazeti Time. Habari yake ilifungulia wakulima wa California soko la dunia.

Macho yanadanganyaka ulimi

Mwaka wa 2001, watafiti wa Bordeaux walitangaza jaribio walilofanya na wanafunzi 54 wa mambo ya divai. Walitia rangi nyekundu isiyo na ladha ndani ya divai nyeupe. Wanafunzi waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Hawakuwa wajinga: rangi ilitangulia kusema mbele ya pua.

Ndiyo sababu waonjaji wengi wanafunika chupa. Na sisi pia tunaweza kufanya hivyo nyumbani, ikiwa ni divai ya dukani ao kasiksi ya ndizi: mtu mmoja amimine, wengine waonje bila kujua imetoka wapi wala bei yake. Hapo inajulikana kama tulikuwa tunalipia kinywaji ao karatasi iliyobandikwa juu ya chupa.