Mzee wa 1927: Peter Oakley na Miaka ya Mwanzo ya YouTube

Mwezi Agosti 2006, Mwingereza aliyekuwa akikaribia kutimiza umri wa miaka 79 alikaa mbele ya kamera ndogo ya kompyuta na kuzungumza na watu asiowajua. Alijiita geriatric1927: neno la kitabibu linalohusu wazee, likifuatiwa na mwaka wake wa kuzaliwa. Alieleza kwamba alikuwa amevutiwa mno na video za vijana, naye akataka kujaribu. Rekodi hiyo fupi aliipa jina la unyenyekevu, "First Try", yaani jaribio la kwanza. Katika muda wa majuma machache tu, hakuna aliyekuwa na wafuatiliaji wengi kumshinda katika YouTube nzima.

Historia ya mtandao huo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya fedha: ulianzishwa 2005, ukanunuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65. Masimulizi hayo ni sahihi, ila hayatuelezi ni kwa nini vijana walimsikiliza mzee huyu. Naona jibu limo katika mfululizo alioupa jina "Telling It All". Humo alisimulia utoto wake, shule, enzi za vita, ndoa yake na mapenzi yake kwa pikipiki, akizungumza polepole, bila kukatiza picha ovyo na bila haraka ya kufika kwenye kichekesho. Watazamaji waliuliza maswali, naye akayajibu katika vipande vilivyofuata. Hapo ndipo hasa penye uzito: hadhira ilishiriki kuamua ni lipi likumbukwe. Mwanahistoria anayekusanya masimulizi ya mdomo huenda na dodoso lake; Oakley aliulizwa na yeyote aliyetaka kujua.

Majira yaleyale, msichana aliyejulikana kama lonelygirl15 naye alikuwa akiungama siri zake mbele ya kamera. Septemba 2006 ikabainika kuwa ni mwigizaji, Jessica Rose, akiongozwa na waandishi na watayarishaji. Wachambuzi wengi wameitumia hadithi hiyo kuthibitisha kwamba mtandao ulizaliwa na udanganyifu. Hukumu hiyo ni ya upande mmoja. Mzee huyu alikuwa mbele ya macho yao, lakini mtu asiyeficha lolote la kufichuliwa hawapi watafiti mada ya kusisimua.

Oakley hakuukimbilia umaarufu. Mwanzoni aliwaepuka waandishi wa habari. Hata hivyo, 2007 alijiunga na The Zimmers, kundi la waimbaji wazee lililotokana na filamu ya BBC kuhusu upweke wa wazee wa Uingereza. Waliuimba upya "My Generation", wimbo wa The Who wa 1965 unaoudharau uzee, nao ukafika nafasi ya 26 katika chati za Uingereza. Kejeli hiyo ilipendeza, ingawa kwa maoni yangu ilimpunguza: palepale alipokuwa amesikilizwa kama mtu mmoja mwenye maisha yake, sasa alitazamwa kama mfano wa rika.

Akarudi kwenye kamera yake. Aliendelea kurekodi kwa miaka mingine saba, ilhali idadi kubwa ya wale waliomshangilia mwanzoni ilikwisha kuhamia kwingine. Februari 2014, akiwa mgonjwa wa saratani, aliwaaga watazamaji wake kwa sauti ileile tulivu. Alifariki mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka 86.