Sarakasi ya Angani

Ndege za jeshi zilipopita juu ya Mkonze siku moja ya sherehe ya kitaifa, mbuzi walitawanyika na watoto wakakimbilia barabarani wakishangilia. Mzee jirani yangu, aliyekuwa akipalilia mizabibu yake, hakuinua hata kichwa.

"Mafuta yote hayo kwa ajili ya kelele," alisema. "Sarakasi tu, mwanangu."

Nilimwitikia kwa heshima, nikanyamaza. Lakini neno lile, sarakasi, lilinirudisha kwenye kisa cha Nanyuki, Kenya.

Majeshi mengi duniani yana vikosi vya maonyesho ya angani. Red Arrows ya Uingereza ilianza maonyesho mwaka 1965 ikiwa na ndege saba aina ya Gnat, na tangu 1980 hutumia Hawk, aina ambayo Kenya nayo ilinunua. Mtazamaji huona moshi wa rangi na mipindo mizuri. Aliye ndani ya ndege huona mengine. Ndege ikipindwa kwa nguvu, mwili huhisi uzito mara nne au tano ya ule wa kawaida. Damu hushuka miguuni, macho huingia giza. Rubani amefundishwa kukaza misuli na kudhibiti pumzi, tena huvaa vazi linalobana miguu na tumbo. Asiyefundishwa hulegea kama nguo iliyolowa.

Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi. Katika kambi ya Nanyuki, Koplo Bramwel Njereman na wenzake waliwalazimisha kwa bunduki marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Baraza na Kapteni John Mugwanja, waende kulipua Ikulu na makao makuu ya GSU jijini Nairobi. Ziliruka F-5 mbili na Strikemaster moja. Koplo mwenyewe alikaa kiti cha nyuma kuwasimamia.

Marubani walipatana. Huko juu walianza kuzipinda ndege kwa ukali, mpindo baada ya mpindo, hadi msimamizi wao akazidiwa. Mabomu wakayaangusha katika msitu wa Mlima Kenya, kisha wakarudi Nanyuki.

Damu ilimwagika hata hivyo. Siku hiyo na zilizofuata walikufa watu zaidi ya 100. Ochuka alikimbilia kwetu, akatua Dar es Salaam. Baadaye Tanzania ilimrudisha Kenya, na mwaka 1987 akanyongwa. Lakini mabomu yale hayakufika Nairobi.

Nilimsimulia mzee habari hii jioni moja, tumekaa chini ya mbuyu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo bunduki alikuwa nayo koplo," alisema, "ila usukani ulikuwa kwa wengine."

"Ndiyo, mzee."

"Na hawakumwambia hapana."

"Hawakumwambia. Walipinda tu."

Alicheka kidogo, akachukua jembe lake. Kuhusu mafuta hakubadili maneno, na mimi sikumbishia: bei ya maonyesho yale tunailipa sote. Ila neno sarakasi sijamsikia akilitumia tena.