Harufu ya Nengonengo

Hapa Segese, ukichimba mzizi wa mti tuuitao nengonengo na kuumenya, harufu yake itakujia puani kama ile ya mafuta ya kuchua viungo yauzwayo dukani. Watoto wa darasa langu waliniuliza sababu yake, nami nikaona vema niwaandikie wasomaji jibu, maana habari yenyewe yatoka mbali.

Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone wa Chipping Norton, alipeleka barua kwa chama cha wenye elimu cha London. Alikuwa ameonja gome la mwerebi, mti usomwao katika Biblia, akaona uchungu wake wafanana na ule wa gome la mkwinini. Akalikausha penye tanuri ya mwoka mikate zaidi ya miezi mitatu, akalisaga, akawapa watu wapatao 50 wenye homa za vipindi. Alianza na kiasi kidogo mno, akaongeza huku akitazama. Mimi nampenda kwa hofu yake hiyo. Walakini hakuwa na kundi la pili la wagonjwa wasiopewa unga ule, apate kujua ni wangapi wangepona wenyewe.

Katika mwerebi Johann Buchner wa München alitoa salisini mwaka 1828, na kutokana nayo ikapatikana asidi ya salisili. Iliondoa maumivu kweli, lakini ilichoma tumbo. Ndipo mwaka 1897 Felix Hoffmann, wa kiwanda cha Bayer, akatengeneza aspirini iliyo safi. Nayo pia huumiza tumbo. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili usifanye prostaglandini. Na vitu hivyo, pamoja na kuzidisha maumivu, ndivyo vilindavyo utando wa ndani wa tumbo.

Sasa turudi kwa nengonengo. Katika mizizi yake wataalamu wamekuta methili salisilati, ndugu wa aspirini, na ndiyo itiwayo katika mafuta ya kuchua. Basi wazee waliotumia mzizi huo kwa maumivu hawakuota ndoto. Lakini mna saponini pia, na mti huu ni sumu. Umekwisha kuua watu. Tena yaliyosemwa juu ya aspirini na tumbo yatufundisha tusimharakishie mwenye tumbo linalomsokota kikombe cha mzizi huo.

Kwa tumbo wengi wetu huchemsha magome ya mulundalunda. Dawa za namna hiyo hupimwaje? Mwaka 1904 Mjerumani Rudolf Magnus alichukua kipande cha utumbo wa mnyama, akakitia katika maji ya chumvi yenye joto la mwili na hewa ipitayo, nacho kikaendelea kujikaza na kulegea kana kwamba ki hai. Dawa ikitiwa majini, waona mara moja kama yaukaza utumbo au yautuliza. Kwa kuhara, panya hunyweshwa mafuta ya mbarika. Wengine hupewa dawa kwanza, wengine maji matupu, kisha hulinganishwa. Kwa maumivu, tangu mwaka 1944 panya huwekwa juu ya bamba la moto kiasi, ikahesabiwa muda mpaka alambe mguu. Si kazi ya kupendeza, lakini afadhali kuliko kumjaribia mtoto wa jirani.

Kwetu, Muhimbili ilipata kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, nacho kikawa taasisi mwaka 1991.

Neno lililo gumu ni kipimo. Mganga hupima kwa konzi, na konzi ya mtu mzima si ya mtoto, wala mizizi yote haina nguvu sawa. Nilipowaeleza wanafunzi hayo, mmoja alijibu ya kuwa bibi yake huonja kwanza yeye mwenyewe. Nikamwambia kwamba Stone naye alianza hivyo.