Mwizi anayepakuliwa chakula: historia ya mnyauko wa migomba

Wengi wetu tuliotoka Masisi tunaujua ugonjwa huu: majani yanakuwa njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Wanyarwanda wanauita kirabiranya.

Lakini haukuanzia kwetu. Mwaka 1968 wanasayansi waliuandika Ethiopia kwenye ensete, ndugu wa mgomba. Mwaka 1974 wakauandika kwenye migomba yenyewe. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na Masisi pia. Unasafiri kwa panga, kwa miche, na kwa wadudu wanaotembelea ua.

Unaletwa na bakteria wa kundi la Xanthomonas. Bakteria hawa wana kitu kama sindano. Wanadunga protini zao ndani ya seli za mmea, na mmea unaanza kutii amri za mgeni. Hili limeeleweka vizuri kwa ndugu yao wa mpunga. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba protini yake inawasha jeni za mpunga ziitwazo SWEET. Milango ya sukari inafunguka, sukari inatoka nje ya seli, bakteria anakula. Yaani mwenye nyumba mwenyewe anampakulia mwizi!

Mgomba ukishaugua hauponi, dawa ya kunyunyizia haipo. Kwa hiyo tulio na kipande cha kulima hapa ugenini: ua dume tulivunje kwa kijiti chenye panda, panga tulipitishe motoni, shina gonjwa tulitoe mapema, na tusibebe miche ya shamba tusilolijua. Shamba la mwenyeji likifa, sote tunalala njaa.