Aliyeumia uti wa mgongo: homa inaweza kutoka kwenye mkojo

Mtu aliyeumia uti wa mgongo, kwa ajali ya moto, kuanguka ao risasi, mara nyingi hasikii tena kibofu kikijaa. Mkojo unabaki ndani, mikrobe zinazaana. Na ule uchungu wa kuchoma wakati wa kukojoa, ambao wengi tunaujua, yeye anaweza asiusikie kabisa.

Basi jamaa waangalie nini? Homa na kutetemeka, mkojo wenye damu ao uliovurugika, kutoka ovyo kuliko kawaida, miguu kukazana zaidi.

Harufu peke yake haitoshi kuanza dawa. Kwa mwenye kutumia sonda, yaani mpira wa kutoa mkojo, mikrobe hukaa mule hata bila ugonjwa. Munganga apime mkojo labo kwanza. Kununua antibiotiki ovyo farmasi kunazoesha mikrobe dawa.

Tangu 1972, munganga Mumarekani Jack Lapides alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa sonda safi. Kwa kawaida ni kila saa 4 mpaka 6, mikono ikiisha kunawa kwa sabuni. Hapa Bukavu maji ya bomba hukatika, kwa hiyo muweke bidoni moja ya maji safi kwa kazi hiyo tu.

Hatari kubwa: aliyeumia shingoni ao juu ya kifua akiumwa kichwa ghafula na jasho usoni, presha inaweza kuwa imepanda. Mumukalishe wima, muangalie kama sonda imeziba, mumukimbize hospitali.